Je, Wajua? Boga Linaloshinda Magunia 14 ya Mahindi

Je, wajua kwamba boga zito kuliko yote yaliyowahi kupimwa rasmi lina kilo 1,278.8? Lilipandwa na ndugu mapacha wa Lymington, kusini mwa Uingereza, Stuart na Ian Paton, likapandishwa mizanini Oktoba 2025. Kwa hesabu ya sokoni hayo ni magunia 14 ya mahindi ya kilo 90, na chenji inabaki. Mzingo wake unapita mita 6. Kabla ya kuvunjika moyo, jua kwamba mapacha hao walianza kulima maboga wangali vijana, na leo ni watu wazima wenye mvi.

Je, wajua kwamba boga la aina hii, likishika kasi, huongezeka kilo 20 na zaidi kwa siku moja? Gawanya mwenyewe: ni takriban gramu 14 kila dakika. Songa ugali wa familia, tuseme dakika 20 tangu maji yachemke hadi kupakua. Ukirudi shambani, boga limeongeza zaidi ya robo kilo. Kasi hiyo haidumu. Huja wiki chache baada ya ua kuchavushwa, hushika kwa muda, kisha hupungua taratibu hadi boga linasimama kabisa.

Maboga yote tunayopika kwa tui la nazi kwa ajili ya futari, makubwa kwa madogo, asili yake ni mabara ya Amerika. Wenyeji wa huko walikuwa wakiyalima maelfu ya miaka kabla ya meli za Wazungu kufika. Jitu tunalolizungumzia leo ni la jamii iitwayo Cucurbita maxima, na chimbuko lake ni Amerika Kusini. Mwenyeji wa Afrika ni kibuyu. Naye ana mashindano yake: mwaka 2006 Joe Jutras wa Rhode Island, Marekani, alikuza kibuyu chembamba chenye urefu wa zaidi ya mita 3, akaweka rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata akaichukua na rekodi ya maboga.

Je, wajua kwamba rekodi ya boga iliwahi kulala zaidi ya miaka 70? William Warnock, Mkanada wa Goderich, Ontario, alipeleka boga la ratili 400 kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900. Miaka minne baadaye, kwenye maonyesho ya St. Louis, akafikisha 403, karibu kilo 183. Hapo dunia ikakwama mpaka 1976. Kisha mbio zikaanza. Mwaka 1996 boga la kwanza kuvuka ratili 1,000 lilipatikana jimbo la New York. Mwaka 2012 Ron Wallace akavuka 2,000. Mwaka 2014 Mswisi Beni Meier akagonga kilo 1,054, na tani ikawa imevukwa. Mbelgiji Mathias Willemijns akaja na kilo 1,190 mwaka 2016, Mwitaliano Stefano Cutrupi na 1,226 mwaka 2021, Mmarekani Travis Gienger na karibu 1,247 mwaka 2023.

Kwa nini kimya kirefu, halafu kishindo? Mbegu. Howard Dill, mkulima wa Windsor katika jimbo la Nova Scotia, Canada, alikaa miaka mingi akichagua mbegu za maboga yake makubwa na kuyachavusha yenyewe kwa yenyewe. Kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda mashindano ya dunia mara nne mfululizo. Mbegu yake ikapewa jina la Atlantic Giant, na karibu kila boga linaloshindania rekodi leo ni mjukuu au kitukuu wa shamba lile. Kwa hiyo mgeni wa kazi hii aanzie hapo. Mbegu uliyoikamua kwenye boga la sokoni, hata uipe samadi ya ng'ombe mia, itakuzalia boga la sokoni.

Na ukiagiza mbegu nje, usiifiche kwenye soksi. Kibali hutolewa na mamlaka za afya ya mimea: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Urasimu upo, ndiyo, lakini magonjwa ya jamii ya matango husafiri ndani ya mbegu, na jirani yako mwenye shamba la matikiti hatakushukuru.

Je, wajua kwamba majani ya boga jitu hayafanyi kazi kwa bidii kuliko ya boga dogo? Mwaka 2015 Jessica Savage na wenzake walichapisha utafiti wakilinganisha mimea ya maboga majitu na jamaa zake wa kawaida. Uwezo wa majani kutengeneza sukari haukuwa na tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye mishipa inayosafirisha sukari hiyo: jitu lina mishipa mingi zaidi, basi chakula hufika kwa wingi kule kinakotakiwa. Miaka yote ile wakulima walidhani wanachagua ukubwa wa tunda, kumbe walikuwa wanachagua mabomba.

Sasa tuingie shambani.

Huku kwetu boga tumelizoea kama mpangaji wa bure. Unalichomeka katikati ya mahindi na maharage, linatambaa linakojua, siku ya siku unakuta limezaa nyuma ya choo. Jitu halitaki hivyo. Mmea mmoja peke yake unataka nafasi ya mita 6 kwa 6 kwa uchache, na mabingwa huupa zaidi ya mara mbili ya hapo. Chimba vizuri, changanya samadi iliyooza kabisa (mbichi itaunguza mizizi) na mboji, na udongo usiwe na chumvi wala tindikali nyingi. Palipotuama maji usipande.

Je, wajua kwamba mbegu hizi huwa na ganda gumu kiasi kwamba wakulima huzikwaruza pembeni kwa msasa kabla ya kuzipanda? Hukwaruzwa ukingo tu, ncha haiguswi, maana mzizi hutokea hapo. Zinataka joto la nyuzi 27 hadi 32 ili ziote upesi. Wazungu huziwekea taa na mablanketi ya umeme. Ukiwa Tanga au Kisumu, kopo la udongo dirishani linatosha.

Na hapa niseme ukweli kuhusu mahali. Uingereza mwezi Juni jua hukaa angani saa 16 na zaidi, na hilo ni chakula tele kwa mmea. Sisi tulio karibu na ikweta tuna saa 12, mwaka mzima, hazipungui wala haziongezeki kwa maana. Pili, joto likipanda sana, kama nyuzi 32 na kuendelea, vitunda vichanga hudondoka. Kwa hiyo nyanda za juu, Njombe, Lushoto, Limuru, zina nafuu kuliko Mombasa na Dar es Salaam. Rekodi ya dunia iache ilipo. Boga ambalo watu wawili wenye nguvu hawaliinui ni lengo zuri la msimu wa kwanza.

Je, wajua kwamba maua ya mwanzo hayazai, na wala si ugonjwa? Mmea hutanguliza maua dume, wiki moja au mbili kabla ya majike. Yanachanua, yananyauka, yanadondoka, na mkulima mgeni anakimbilia duka la dawa. Tulia. Ua jike utalijua: chini ya petali lina kiboga kidogo tayari, kama gololi, kabla hata halijafunguka. Ua dume limesimama kwenye kikonyo kitupu.

Wahenga walisema ukipenda boga, upende na ua lake. Wakulima wa majitu wamelichukua neno hilo kwa uzito wote. Ua jike hufunguka asubuhi moja tu, na kabla ya adhuhuri limeshajifunga, basi hawawaachii nyuki kazi. Jioni ya kuamkia siku hiyo, ncha ya ua ikianza kugeuka rangi ya chungwa, wanalifunga kwa uzi au kulivika kitambaa chepesi. Wanafunga na madume mawili matatu vilevile. Alfajiri, umande ungali majanini, mkulima anachuma dume, anachana petali zote mpaka kinabaki kile kijiti cha katikati chenye unga wa manjano. Kisha analifungua jike kwa upole. Ndani kuna kichwa chenye vipande vinne au vitano vinavyonata. Anapaka unga kwenye kila kipande, bila kuruka hata kimoja, anachukua dume la pili anarudia. Halafu analifunga tena ua, anafunga utepe kwenye kikonyo na kuandika tarehe. Kazi nzima haizidi dakika chache, lakini hakuna asubuhi ya pili.

Baada ya wiki moja hivi utajua. Kitunda kilichoshika kinang'aa na kuvimba. Kilichokataa kinakuwa cha manjano na kusinyaa. Huku kwetu kuna adui wa ziada ambaye vitabu vya wenzetu havimtaji sana: inzi wa matunda, anayetoboa kitunda kichanga na kutaga mayai ndani. Kivike mfuko wa chandarua tangu siku ya kwanza, kabla ngozi haijakomaa.

Halafu inakuja siku ngumu kuliko zote. Mmea umeshika maboga matatu, yote mazuri, yote ya kijani na manjano, na unatakiwa uache moja. Moja tu. Mengine unayakata. Wageni wengi hushindwa hapa. Huruma inawaingia, wanaacha mawili, na mwisho wa msimu wana maboga mawili ya kawaida. Kanuni ya wengi ni kuchagua lile lililoko kwenye shina kuu, mita 3 au 4 kutoka kwenye mzizi, ili nyuma yake kuwe na majani ya kutosha kulilisha. Yaliyokatwa yakiwa machanga yanapikika vizuri, usiyatupe.

Je, wajua kwamba mmea unaolea jitu huwa umepangwa kwa mistari? Shina kuu linaelekezwa mbele, matawi yanatolewa kulia na kushoto, na machipukizi yanayotoka kwenye matawi hukatwa yote. Kisha mashina hufukiwa udongo, maana kwenye kila kifundo hutoka mizizi mipya, na kila mzizi ni mdomo mwingine wa kunywa. Ulaya na Marekani yale machipukizi yaliyokatwa hutupwa kwenye mboji. Hapo ndipo mkulima wa Afrika Mashariki anapowashinda: kila wiki ana fungu la majani laini ya maboga ya kumenya na kuunga kwa karanga au tui. Sharti asiwe amepuliza dawa.

Maji ni mengi. Mmea uliokomaa unaweza kunywa lita mia kadhaa kwa siku. Mahali penye mgao wa maji ningesema panda na mvua au acha. Kibaya zaidi ni kunywesha kwa fujo: siku tatu kavu, ya nne gharika. Tunda likibugia maji ghafla, linapasuka. Nywesha asubuhi, kwenye udongo, majani yabaki makavu, la sivyo ubwiri unga utayapaka meupe kabla boga halijafika nusu.

Je, wajua kwamba boga linaweza kujikata lenyewe kikonyo? Tunda linapovimba, mabega yake hupanda na kulisukuma shina juu, na shina limeshikwa na mizizi chini. Siku moja asubuhi unasikia limekwanyuka. Ndiyo maana mapema kabisa, likiwa bado na ukubwa wa nazi, hugeuzwa kidogo kidogo, sentimita chache kila siku, mpaka shina lipite mgongoni mwake bila kulibana. Mizizi ya vifundo vya karibu hukatwa ili shina lipate kuinuka. Chini ya boga hutandikwa mchanga mkavu au turubai gumu, kwa sababu mbili: lisioze kwa unyevu, na liweze kuteleza linapokua badala ya kukwama. Juu yake huwekwa shuka jeupe. Jua kali likiikomaza ngozi mapema, ngozi hainyumbuki tena, na isiponyumbuka hupasuka.

Je, wajua kwamba maboga majitu ni bapa kwa sababu yanazidiwa na uzito wao wenyewe? Usikasirike na lako likiwa limelala kama mtu aliyeshiba. Mwaka 2011 David Hu wa Georgia Tech, Marekani, na wenzake walichunguza maumbo hayo. Boga dogo ni duara. Likizidi uzito fulani huanza kutanuka na kukaa chini, na mengine chini yake hujikunja kwa ndani yakafanya tao kama la mlango.

Kuhusu ile imani ya kulilisha boga maziwa ili likue: imo hata katika kitabu cha watoto cha Laura Ingalls Wilder cha mwaka 1933, ambamo mvulana analinywesha boga lake maziwa kwa utambi na kushinda zawadi. Ni hadithi nzuri. Shambani, kidonda ulichotoboa kwenye shina na maziwa yaliyochacha vinaita kuoza. Maziwa mpe mtoto.

Je, wajua kwamba uzito wa boga hukadiriwa likiwa bado shambani kwa tepu ya fundi cherehani? Vipimo ni vitatu: mzingo wa kulizunguka, kisha juu kutoka ardhi hadi ardhi kwa urefu, kisha juu kutoka ubavu hadi ubavu. Jumlisha, tazama jedwali. Lakini jedwali halioni ndani. Maboga mawili yenye vipimo sawa yanaweza kupishana mbali kwenye mizani, kwa sababu moja lina nyama nene na jingine lina uwazi tu. Huko mashindanoni watu hulia kwa furaha au kwa simanzi kwa ajili ya unene wa ukuta ambao hakuna aliyeuona.

Na kuna jambo chungu kuliko wepesi. Kanuni za umoja wa kimataifa wa mashindano haya, Great Pumpkin Commonwealth, zinataka boga liwe zima. Likiwa na ufa au tundu linalofika hadi kwenye uwazi wa ndani, hata dogo la kupitisha kucha, halihesabiwi, liwe na uzito gani. Rangi nayo ina neno: boga lililo la kijani au kijivu tupu hupelekwa kundi jingine lenye rekodi zake. Yule yule Jutras wa kibuyu aliichukua na hiyo mwaka 2017.

Zawadi zipo. Half Moon Bay, California, ambako mashindano yalianza 1974, Gienger alipovunja rekodi ya dunia mwaka 2023 aliondoka na dola 30,000. Gawa kwa mbolea, maji na usingizi, nadhani mama wa mchicha amemzidi faida.

Je, wajua mwisho wa majitu haya? Jitu si chakula kizuri cha watu. Nyama yake ni maji matupu, yenye nyuzi, haina utamu wa boga la kupika. Mengine huchongwa. Bustani ya wanyama ya Oregon, Marekani, kila Oktoba huwapa tembo wayakanyage, nao wanaonekana kuifurahia kazi hiyo kabla ya kuyala. Mengine huwa mashua: kwa kuwa ndani ni wazi, huelea. Windsor, mji wa Howard Dill, ulianza mwaka 1999 mashindano ya kupiga kasia ukiwa umekaa ndani ya boga. Mwaka 2024 Gary Kristensen wa Oregon alishuka Mto Columbia kwa boga alilolima mwenyewe, zaidi ya kilomita 70, akaingia kwenye vitabu vya rekodi akiwa ameloa.

Mbegu ndizo hubaki. Pasua boga, zitoe, zioshe, zianike kivulini wiki mbili tatu, ziweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu, na zitaota hata baada ya miaka kadhaa. Kama uliwaachia nyuki uchavushaji na jirani ana maboga ya aina moja na lako, hujui baba ni nani. Kama ulichavusha mwenyewe, unajua. Wakulima wa majitu huziita mbegu kwa uzito wa boga mama, jina la mkulima na mwaka: mbegu za lile boga la Ron Wallace la ratili 2,009 zinaitwa "2009 Wallace 2012", na mbegu moja ya ukoo mzuri huweza kuuzwa mnadani kwa mamia ya dola. Yako ya kwanza huenda ikasomeka "41 Mwanaidi" na mwaka wake. Iandike hivyo hivyo, na chini yake uandike baba.